Ujumbe wa Ualbino Kwenye Machimbo ya Dhahabu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza asili ya ualbino: mtoto huurithi kwa baba na mama, hata kama wao wenyewe hawana hali hiyo. Leo tutazame kazi isiyotajwa sana, ya kuuandaa ujumbe huo uwaingie watu wa Shinyanga na Geita.

Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijipenyeza kwa waganga wa Kanda ya Ziwa na kuifichua biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo sasa imo mkoani Geita. Habari nyingi za wakati ule zilitaja bei ya kiungo. Hilo lilikuwa kosa zito. Ukitaja bei, umemjulisha mwenye tamaa kwamba soko lipo.

Sasa mfikirie mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa. Ameshinda kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, miezi kadhaa, rifu (mwamba wenye dhahabu) haijaonekana, na anadaiwa chakula, pampu na karasha ya kusagia mawe. Mpiga ramli humkuta katika hali hiyo na kumwambia kwamba kiungo cha mwenye ualbino kitamletea dhahabu. Bango lenye maneno "Acheni Mauaji" halimgusi, kwa kuwa yeye hajihesabu kuwa muuaji. Anajiona mtu anayetafuta bahati. Basi azungumziwe dhahabu yenyewe. Aelezwe kwamba maji ya moto yalipenya kwenye nyufa za miamba zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, yakaiacha dhahabu humo, na kwamba jiwe likipimwa maabara litamwambia kilichomo. Damu ya mtu haisogezi mwamba. Na maneno hayo ayasikie kwa Kisukuma, kutoka kwa mchimbaji mwenzake, pale pale mwaloni, mahali anapooshea mchanga. Serikali ilipopiga marufuku waganga wapiga ramli Januari 2015, amri ilikuwa ya lazima, lakini amri haimwelezi mtu kwa nini duara lake ni tupu.

Picha nazo zinahitaji uangalifu mkubwa. Watoto wengi wenye ualbino walipelekwa shule ya Buhangija, Shinyanga, ili wawe salama. Februari 2015 mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake huko Chato. Katika mazingira hayo, kuchapisha sura ya mtoto, jina lake na mahali anapoishi ni kumwelekeza anayemwinda. Ridhaa ya mzazi peke yake haitoshi.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, na mwanga mkali huwaumiza macho. Karatasi inayong'aa huurudisha mwanga usoni, na herufi nyembamba za kijivu hazisomeki. Tumieni karatasi isiyong'aa, herufi nene na kubwa, maandishi meusi juu ya rangi ya maziwa au njano. Gharama haiongezeki kwa kiasi cha kutisha.

Kwa hiyo, enyi viongozi wa vyama mnaoandaa mabango ya Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, msiyapeleke kiwandani kabla wenye ualbino wenyewe hawajayasoma na kuyasahihisha. Walipeni kwa kazi hiyo kama mnavyomlipa msanifu.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu saratani ya ngozi.