Neno "Upendeleo" na Jibu la Mwanasiasa: Mfano wa Televisheni ya Kebo Marekani

Katika siasa za Marekani kuna swali moja ambalo kila atafutaye kura hukutana nalo, mapema au baadaye: Je, kituo fulani cha habari kina upendeleo? Huulizwa na waandishi wa magazeti, huulizwa na wananchi mikutanoni, na mara nyingine huulizwa na watangazaji wa kituo kile kile kinachosemwa. Swali hili laonekana jepesi, na kwa hiyo hujibiwa kwa wepesi. Walakini jibu lake si neno la kupita. Mwanasiasa ni mtu mwenye mamlaka, au mwenye kuyataka, na vyombo vya habari ni miongoni mwa njia chache alizo nazo raia za kumhoji mtu wa namna hiyo. Mwanasiasa akijibu vibaya, ama uongo hubaki bila kusahihishwa, ama raia hupungukiwa na njia ya kuuliza. Makusudi ya makala haya ni kulipima swali lenyewe kwa kipimo cha lugha, na kuonyesha ni jibu lipi lifaalo, na kwa nini.

Kwanza yafaa kueleza chanzo cha jambo. Malalamiko yenyewe ni ya zamani kuliko televisheni ya kebo: tarehe 13 Novemba 1969, Makamu wa Rais Spiro Agnew alitoa hotuba mjini Des Moines akiwashutumu wachambuzi wa habari wa televisheni za wakati ule. CNN, kituo cha kwanza cha kutangaza habari usiku na mchana, kilianza tarehe 1 Juni 1980. MSNBC na Fox News vilifuata mwaka 1996, cha kwanza mwezi wa Julai na cha pili mwezi wa Oktoba. MSNBC kilibadilishwa jina kuwa MS NOW mwaka 2025. Watu wengi husema ya kuwa upendeleo ulizaliwa mwaka 1987, pale ilipofutwa kanuni ya mwaka 1949 iliyovitaka vituo vyenye leseni vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Usemi huo una nusu ya ukweli. Kanuni ile ilihusu hasa vituo vitumiavyo mawimbi ya hewani, ambayo ni machache na ni mali ya umma. Televisheni ya kebo hupita katika waya, na huishi kwa ada na kwa matangazo ya biashara. Hailazimiki kumridhisha kila mtu. Ikipata watazamaji wachache walio waaminifu, yaweza kustawi. Tena, kuwakalisha watu studioni wazungumze ni rahisi kuliko kuwapeleka waandishi kutafuta habari. Ndiyo maana saa za jioni hutawaliwa na watoa maoni.

Sasa litazamwe neno lenyewe. "Upendeleo" ni jina litokanalo na kitenzi "penda" kwa kupitia kauli ya kutendea iliyokaririwa: penda, pendea, pendelea. Kauli hii ina desturi ya kudai mtendewa. Mtu hasemi "Hakimu alipendelea" akanyamaza. Msikilizaji atangoja aambiwe alimpendelea nani, dhidi ya nani, na katika shauri gani. Kwa hiyo kitenzi kimebeba nafasi nne zitakazo kujazwa: mpendeleaji, mpendelewa, aliyenyimwa haki yake, na jambo ambalo upendeleo ulitendeka ndani yake. Lakini kitenzi kikigeuzwa kuwa jina, nafasi zote nne zaweza kuachwa wazi, na sentensi bado ikasimama: "Pana upendeleo." Kisarufi haina kosa. Kimaana ni chungu kisicho na kitu ndani yake, na kila msikilizaji hutia humo chakula akipendacho mwenyewe.

Hapo ndipo penye mtego wa swali. Aulizwaye "Je, kituo hiki kina upendeleo?" ameulizwa mambo mengi kwa pamoja. Je, yasemwa habari zitangazwazo mchana, au maoni yatolewayo usiku? Je, yasemwa taarifa moja, au kazi ya miaka? Je, kosa ni la mtangazaji huyu, au la wenye kituo? Jibu la neno moja, liwe "ndiyo" au "siyo", huyafunga yote katika furushi moja. Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo ni hekima katika tenga la mvuvi, lakini katika hukumu juu ya waandishi wa habari hupotosha.

Wala haifai mtu kutegemea hisia zake tu. Mwaka 1985 wanasaikolojia Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper walieleza uchunguzi waliofanya katika Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwaonyesha wanafunzi taarifa zile zile za televisheni za Marekani juu ya mauaji ya Beirut ya mwaka 1982. Waliokuwa upande wa Israeli waliona taarifa zile zaionea Israeli. Waliokuwa upande wa Waarabu waliona zaipendelea. Basi kujiona umeonewa si ushahidi wa kuonewa. Kwa upande wa pili, haifai kudai kwamba upendeleo ni ndoto tupu. Mwaka 2007 wanauchumi Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan walilinganisha miji iliyofikiwa na Fox News kabla ya uchaguzi wa mwaka 2000 na ile ambayo haikufikiwa. Walikadiria ya kuwa chama cha Republican kiliongeza sehemu yake ya kura kwa asilimia 0.4 hadi 0.7 katika miji iliyofikiwa. Kiasi hicho ni kidogo, lakini uchaguzi wa mwaka ule uliamuliwa kwa kura chache sana katika jimbo la Florida.

Majibu ya wanasiasa yaweza kugawanywa katika aina nne.

Aina ya kwanza ni kuigeuza lawama kuwa ngao. Tarehe 19 Januari 2012, katika mdahalo wa CNN mjini Charleston, Newt Gingrich aliulizwa juu ya madai ya mke wake wa zamani. Aliyakanusha, lakini sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa kuvishutumu vyombo vya habari kwamba vyamlinda Rais Obama. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na siku mbili baadaye alishinda uchaguzi wa mchujo wa South Carolina. Tarehe 28 Oktoba 2015, katika mdahalo wa CNBC, Seneta Ted Cruz aliulizwa juu ya kikomo cha deni la serikali. Yeye alifanya vema zaidi kwa namna moja, kwa kuwa aliyataja moja moja maswali aliyoyaona kuwa ya uonevu. Lakini alipotaka kurudi kwenye deni, muda wake ulikuwa umekwisha. Lawama yake ilikuwa na ushahidi. Swali la mwananchi halikupata jibu.

Aina ya pili ni hukumu ya jumla itokayo kwa mwenye madaraka. Mwezi wa Oktoba 2009, Anita Dunn, mkuu wa mawasiliano wa Ikulu ya Rais Obama, alikieleza kituo cha Fox News kuwa kama tawi la chama cha Republican. Mwezi huo huo Fox iliachwa nje ya mahojiano na afisa wa Wizara ya Fedha, na vituo vingine, ingawa ni washindani wake, vilikataa kushiriki mpaka nayo iingizwe. Tarehe 11 Januari 2017, Donald Trump, aliyekuwa amekwisha kuchaguliwa, alikataa swali la Jim Acosta wa CNN kwa kukiita chombo chake habari za uongo. Novemba 2018, Ikulu ilimnyang'anya Acosta kibali cha kuingia. Jaji akaamuru arudishiwe kwa muda. Matukio haya hayalingani kwa ukubwa, lakini yana mafunzo ya namna moja: raia akisema "kituo hiki ni kibovu," ametoa maoni, mwenye dola akisema hivyo, maneno yake huwa na harufu ya amri.

Aina ya tatu ni kususa. Mei 2019 Seneta Elizabeth Warren alikataa mwaliko wa Fox News, akieleza kwamba kituo hicho chajipatia fedha kwa chuki, na kwamba kwenda kwake kungekisaidia kuuza matangazo. Jibu hili lina heshima yake, maana lilitoa sababu. Upungufu wake ni kwamba mtazamaji wa kituo hicho hakupata nafasi ya kumsikia wala kumuuliza.

Aina ya nne ni kwenda na kutaja. Siku chache baada ya Warren kukataa, Pete Buttigieg alihudhuria mkutano wa Fox News mjini Claremont, New Hampshire. Akiwa ndani ya kipindi chao aliwataja Tucker Carlson na Laura Ingraham kwa majina, akataja na maneno waliyoyasema juu ya wahamiaji na juu ya watoto waliozuiliwa mpakani. Kisha akawatenga na watazamaji, akisema kwamba wako wengi watazamao kwa nia njema, ambao hawatausikia ujumbe wake asipofika. Hapa nafasi zote za kitenzi zilijazwa: nani, juu ya nani, na kwa neno gani.

Nguvu ya kutaja jambo mahususi yaonekana pia nje ya kampeni. Julai 2015, Rais Obama alipokuwa akielekea Nairobi, CNN iliieleza Kenya kuwa ni kitalu cha ugaidi. Wakenya hawakulalamikia Magharibi yote. Walilishika neno lile moja, wakalipinga kwa wingi. Agosti mwaka huo mkuu wa CNN ya kimataifa, Tony Maddox, alisafiri hadi Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta. Tena, tarehe 18 Aprili 2023, Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5 kumaliza kesi ya kampuni ya Dominion kuhusu madai ya wizi wa kura mwaka 2020. Kampuni ile haikushtaki "upendeleo." Ilishtaki kauli zilizotajwa, ambazo jaji alikwisha kuziona kuwa si za kweli.

Kutokana na hayo, kanuni za jibu jema ni nne. Kwanza, lijibiwe swali lililoulizwa kabla ya kumlaumu aliyeuliza. Pili, itajwe taarifa yenyewe na kosa lake, na habari zitengwe na maoni. Tatu, mwenye madaraka aombe sahihisho, asitishie kibali wala leseni. Nne, kipimo kiwe kimoja: asemaye juu ya upendeleo wa kituo kimchukiacho, aseme pia juu ya upendeleo wa kituo kimpendacho. Hili la nne ndilo gumu kuliko yote, na ndilo limfanyalo msikilizaji kumwamini msemaji.

Jibu la namna hii si lazima liwe refu. Mwanasiasa aweza kusema: "Taarifa ya jana usiku ilisema kwamba niliupinga muswada wa hospitali. Kumbukumbu za kura zaonyesha niliuunga mkono; naomba isahihishwe. Ama kuhusu kodi uliyoniuliza, msimamo wangu ni huu." Mtazamaji anayekipenda kituo hicho na asiyekipenda wote wawili waweza kwenda kuzitazama kumbukumbu hizo. Shirika la Gallup lilipouliza mwaka 1976, Wamarekani 72 katika kila 100 walikuwa na imani ya kutosha au kubwa na vyombo vya habari; mwaka 2024 walikuwa 31. Katika nchi ya namna hiyo, neno "upendeleo" likitamkwa tupu haliwafundishi wananchi lolote wasilokuwa wakilidhani tangu awali. Likitamkwa pamoja na jina, tarehe na kauli, huwaachia kitu wawezacho kukichunguza wenyewe.