Gari la Umeme na Funzo la Katwe

Mnamo Novemba 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari dogo la umeme la watu wawili. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola, lenye mitambo ya nguvu za jua juu ya paa. Fahari ya Uganda ilikuwa kubwa.

Hata hivyo, safari ya Shirika la Magari la Kiira haikuwa nyepesi. Fedha zilikuja polepole. Na kwa kuwa kiwanda cha Jinja kilikuwa hakijakamilika, mabasi ya kwanza ya Kayoola EVS yaliundwa katika karakana ya jeshi huko Nakasongola. Seli za betri, ambazo ndizo moyo wa gari, ziliagizwa kutoka ng'ambo.

Jambo hili linawahusu sana wananchi wa Kasese. Tangu 1956 shaba ya Kilembe ilipelekwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa. Kuanzia 1999, kobalti, madini ya betri nyingi, ilisafishwa Kasese kutokana na mabaki ya mgodi huo, mpaka yalipokwisha.

Katwe nayo ina funzo. Kiwanda cha chumvi kilichojengwa na Wajerumani kando ya ziwa kilikwama miaka ya 1980, maji ya chumvi yalipokula mabomba yake. Wachimbaji wangali wakivuna kwa mikono.

Kiwanda hakisimami kwa mashine pekee. Ujuzi na mali ghafi visipounganishwa, utajiri wa Kasese utaondoka ukiwa udongo na kurudi ukiwa betri, kwa bei ya wengine.