Hita ya maji bafuni: iwekwe wapi?

Baridi ya Juni na Julai huku kwetu, kuanzia Nkende hadi Sirari, haikuruhusu kuoga maji ya bomba alfajiri. Zamani maji ya kuoga yalitoka jikoni, kwenye mafiga. Tangu nguzo za REA zifike vijijini, nyumba nyingi zimenunua hita ya ndoo, ile koili yenye mpini wa plastiki inayotumbukizwa ndani ya maji. Wenye uwezo zaidi wamefunga shawa ya umeme. Watu huuliza sana hita inakula uniti ngapi, lakini ni wachache wanaouliza iwekwe wapi.

Tujibu la uniti kwanza, ni jepesi. Hita ya wati 1500 hupasha ndoo ya lita 20 hadi maji ya kuogea kwa kama dakika 25, na hutumia uniti moja isiyofika, kama nusu na zaidi kidogo.

Sasa hatari yenyewe. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Ngozi kavu huuzuia kwa kiasi fulani. Ukishalowa, tena uko peku juu ya sakafu ya saruji yenye maji, kinga hiyo imekwisha. Hita hiyo huvuta zaidi ya ampea 6, lakini moyo wa mtu unaweza kusimamishwa na umeme usiofika hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Ndiyo maana breka ya kawaida haikuokoi. Kazi yake ni kulinda waya usiungue. Umeme unaopita mwilini mwako ni mdogo mno kwa breka hiyo kuuona.

Kinachouona ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hulinganisha umeme unaoingia na unaorudi, na ukipungua kwa miliampea 30 hukata mara moja. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi uone kama kinakata.

Bafu nyingi za kwetu ziko nje, na hapo ndipo mchezo mbaya unapoanza. Mtu anavuta ekstensheni kutoka sebuleni, inakatiza uani juu ya majani yenye umande, ina kiungo kilichofungwa selotepu, kisha ndoo inachemkia bafuni huku mtoto akisubiri kuoga. Usifanye hivyo. Chemshia maji ndani ya nyumba, kwenye sakafu kavu, karibu na soketi ya ukutani, mahali ambapo watoto hawapiti. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, si sufuria wala ndoo ya bati, kwa sababu koili ikivuja chuma chote kinakuwa na umeme. Tumbukiza hita kwanza, ndipo uwashe. Maji yakipata moto zima soketi, chomoa plagi, toa hita, kisha beba maji uende bafuni.

Na kile kidole cha kupimia joto? Tunajua kila nyumba inacho. Kisiingie kwenye maji kabla plagi haijatoka ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwani soketi iliyofungwa vibaya inaweza kuacha umeme kwenye koili hata ikiwa imezimwa.

Shawa ya umeme ni habari nyingine. Nyingi huwa na koili iliyo wazi ndani ya maji, kwa hiyo umeme kidogo huvuja kupitia maji yenyewe. Waya wa ethi ndio unaoupeleka ardhini. Usipokuwepo, njia iliyobaki ni wewe. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hupitisha umeme zaidi, hivyo muulize muuzaji shawa ambayo koili yake imefunikwa. Shawa ya wati 5500 huvuta ampea 24 hivi. Inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye meni swichi, na breka yake. Waya wa taa utaungua. Wale mliounganishwa kwa UMETA, kile kibao cha umeme tayari, msifikirie kuning'iniza shawa hapo. Swichi yake ikae nje ya mlango wa bafu, na ndani kusiwe na soketi hata ya kuchajia simu. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuonyeshe leseni. Haoni aibu fundi wa kweli.

Ukihisi bomba au ukuta wa bafu unakutekenya, hata kidogo, acha kuoga, zima meni swichi na uite fundi siku hiyo hiyo.

Mtu akinaswa na umeme bafuni, usimshike. Kimbilia meni swichi uzime. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Akiwa hapumui, mweke chali kwenye sakafu ngumu, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri. Aliyezinduka na kusema yuko salama naye apelekwe hospitali, maana mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.