Bolti ya Kisu Ikiganda: Dizeli, Spana au Fundi wa Gesi?

Magoma, kwenye Bonde la Lwengera, masika yakinyesha majani hayasubiri mtu. Mashine ya kukata majani inafyeka uwanja wa shule, inarudishwa stoo na utomvu na matope tumboni, kutu inaanza kazi. Siku ya kunoa kisu, spana inateleza na kichwa cha bolti kinaanza kuliwa.

Njia ya bei ndogo kabisa ni mafuta ya kulegeza kutu, au dizeli. Paka, gonga kichwa taratibu kwa nyundo, acha hadi asubuhi. Gharama haifiki nauli ya kwenda Korogwe. Ila kwanza chomoa waya wa plagi, maana kisu kikizungushwa kwa mkono injini inaweza kuwaka. Mashine iinamishe kabureta ikiwa juu.

Yakishindwa mafuta, nunua soketi ya pembe sita na mpini mrefu. Fedha inauma siku ya kwanza, lakini soketi hiyo itafungua na bolti za pikipiki. Kwenye mashine nyingi za kusukuma, bolti ya kisu hukazwa kwa takriban Nm 50. Kwa mpini wa sentimita 25, hiyo ni kama kuning'iniza kilo 20 nchani. Iliyoganda hudai zaidi, hivyo valisha bomba: urefu ukiwa maradufu, nguvu nayo maradufu. Kisu kizuie kwa kipande cha mbao. Spana malaya iache nyumbani. Ndiyo inayokula vichwa.

Mashine ya kufyekea ya begani ina mtego wake: nati ya kisu kwa kawaida hufunguka kwa kuzungusha kama saa. Wengi huikaza wakidhani wanaifungua, kisha wanailaumu kutu.

Fundi wa gesi awe wa mwisho. Moto huilegeza bolti, lakini huweza kuunguza sili ya mafuta ya injini, na tangi la petroli lazima litoke kwanza. Sili ikiungua, unalipa mara mbili.

Bolti iliyoliwa usiirudishe. Mpya iwe ya aina ile ile. Nyingi huwa na alama 8.8 au zaidi kichwani. Ile ya 4.6 ya dukani ni rahisi, lakini uimara wake ni nusu, na hapo kisu kinazunguka karibu na miguu yako. Nyuzi zipake grisi kidogo, na kila ukimaliza kukata, kwangua majani chini ya mashine kabla hayajakauka.

Kwa mwenye mashine moja, soketi na dizeli vinatosha.