Je, "department" ni idara?

Wanafunzi wetu wakikutana na neno la Kiingereza "department" huandika "idara" bila kusita. Hata hivyo, maneno haya hayana asili moja. "Department" lilitoka Kifaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini "pars", yaani sehemu. Zamani Waingereza walilitumia pia kwa maana ya kuondoka. "Idara" ni la Kiarabu, lenye asili ya kuzungusha na kuendesha. Moja lagawa, jingine laendesha!

Hivyo "idara" haifai kila mahali. Mwaka 1790 Ufaransa iligawanywa katika maeneo 83 ya utawala yenye jina hilo, mfano wa mikoa. Nayo "Department of State" ya Marekani ni wizara ya mambo ya nje. Mfasiri akiandika "Idara ya Dola", msomaji atadhani ni ofisi ndogo tu.