Paka mzee akiugua: kweli au si kweli?

“Amekonda kwa sababu ya uzee.” Si kweli.

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowafanya watu wakae bila kufanya lolote. Paka akifika miaka 11 hivi huhesabiwa kuwa mzee, na wapo wanaofika 20. Uzee humpunguzia mbio, lakini paka mzee anayekonda huku anakunywa maji kila mara, mara nyingi figo zake zimechoka. Asili yake ni paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, na figo zake zimeumbwa kubana maji. Kwa kawaida hulisogelea bakuli la maji mara chache. Ukianza kumkuta kwenye ndoo, kwenye beseni la kufulia, au analamba bomba linalovuja, usipuuze. Dalili hiyo hujitokeza wakati karibu theluthi mbili ya uwezo wa figo imeshapotea. Iliyopotea hairudi, ila iliyobaki inaweza kulindwa kwa maji safi yasiyokosekana, chakula chenye majimaji na matibabu ya mapema, na paka akaishi vizuri kwa miaka kadhaa.

“Bado anakula, kwa hiyo ni mzima.” Si kweli.

Kuna paka anayemaliza chakula chote, anadai kingine, analia usiku kucha, na bado ukimpapasa mgongoni unahesabu pingili. Huenda tezi ya thairoidi, iliyopo shingoni, imezidisha kazi. Madaktari wa New York waliueleza ugonjwa huu kwa paka mwaka 1979, na una dawa. Kisukari nacho humfanya paka ale sana huku akikonda.

“Mpe nusu Panadol, homa itashuka.” Si kweli, na inaua.

Anayefanya hivi hufanya kwa huruma, ndiyo maana inaniuma kila ninaposikia. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama ini la binadamu. Dawa inageuka sumu na kuiharibu damu isiweze kubeba oksijeni. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500, na nusu yake yatosha kumuua paka wa kilo nne. Fizi hugeuka rangi ya kahawia au buluu, uso na nyayo huvimba, na pumzi hubana. Kama ameshapewa, mkimbize kwa daktari saa hiyohiyo na umwambie wazi ulichompa na saa uliyompa, kwani ipo dawa ya kupunguza makali ya sumu hiyo, ila haingoji kesho. Aspirini na ibuprofeni pia usimpe kwa kukisia.

Ndugu wa kosa hili ni kumuogesha paka dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa. Nyingi zina permethrini au dawa za jamii yake, ambazo paka hazimudu. Huanza kutetemeka masikio na miguu, kisha degedege. Paka mzee aliyedhoofika ndiye wa kuepushwa zaidi, maana hujilamba na kuimeza.

“Maziwa yatampa nguvu.” Si kweli. Paka wengi wakishakua hawasagi vizuri sukari ya maziwa. Wataharisha, na mgonjwa atapoteza maji aliyokuwa akiyahitaji.

“Supu ya kuku inamfaa.” Kweli, kwa sharti moja. Ichemshwe kuku na maji tu. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikipikwa, kwa hiyo usimchotee kwenye sufuria ya familia. Mpe ikiwa vuguvugu ili harufu imfikie, kwani paka asiyenusa chakula hakili.

“Akigoma kula siku tatu, tumbo linapumzika.” Si kweli. Mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi. Siku moja nzima bila kula inatosha kukupeleka kwa daktari. Tazama pia mdomoni: anayekwenda kwenye sahani, akanusa, akarudi nyuma, pengine njaa anayo ila meno yanamuuma.

“Halii, tena anakoroma kwa raha, basi haumwi.” Si kweli. Paka hukoroma hivyo hata akiwa na maumivu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, paka 100 waliozidi miaka 12 walichunguzwa kwa picha za eksirei, na 90 kati yao walikuwa na uchakavu wa viungo. Maumivu hayo utayaona dirishani, pale anapopima kuruka mara mbili kisha akaghairi. Utayaona pia kwenye manyoya ya kiunoni yaliyoshikana kwa sababu hageuki tena kujilamba. Mwekee kigoda chini ya dirisha, na boksi la mchanga lenye ukingo mfupi.

“Amejificha, anataka kufa, mwache.” Si kweli. Anajificha kwa kuwa ni dhaifu na anaogopa. Mtoe taratibu, inua mdomo uone kama fizi zimepauka, mpime uzito, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo. Andika kwenye karatasi alichokula, maji aliyokunywa na mara ya mwisho alipokojoa. Kama ni dume na anachuchumaa bila tone kutoka, nenda sasa hivi, hata kama ni usiku.