Barua Pepe Yenye Viambatisho: Jinsi Programu za Mtandaoni Zinavyoifungasha

Barua pepe inayotumwa na programu ya mtandaoni, iwe ni stakabadhi ya malipo, tiketi ya safari au barua ya udahili wa chuo, humfikia mpokeaji kama ukurasa mmoja uliopangwa vizuri, wenye nembo ya taasisi, maandishi ya rangi na faili iliyoambatishwa. Kilichosafiri mtandaoni, hata hivyo, ni mistari ya herufi za kawaida tu, ambamo ukurasa, nembo na faili vilifungashwa kwa kufuata kanuni maalumu, na programu ya mpokeaji ndiyo iliyovifungua na kuvipanga. Mtaalamu anayetengeneza programu ya kutuma barua za namna hiyo hana budi kuzielewa kanuni hizo, kwa sababu kosa dogo katika ufungashaji linaweza kumfanya mpokeaji aone msururu wa herufi zisizosomeka, au asiipate kabisa barua aliyokuwa akiisubiri.

Kanuni hizo zilitokana na ufinyu wa mfumo wa awali. Utaratibu ambao seva hufuata katika kupokezana barua pepe, uitwao SMTP, ulitolewa na Jonathan Postel mwaka 1982, wakati barua pepe ilikuwa maandishi matupu. Mfumo huo ulikubali alama 128 tu za msimbo wa ASCII, uliotungwa kwa kuzingatia mahitaji ya Kiingereza. Kiswahili cha hati za Kilatini kiliweza kuandikwa humo bila shida, kwani herufi zake zote zimo katika msimbo huo, lakini Kiarabu, herufi za Kifaransa zenye alama za lafudhi, picha na sauti havikuwa na nafasi. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni ya MIME, ambayo haikuuvunja mfumo wa zamani bali iliweka njia ya kupitisha faili za kila aina ndani ya maandishi ya kawaida. Tarehe 11 Machi mwaka huo Borenstein alituma barua iliyobeba picha ya kundi lake la waimbaji wanne pamoja na sauti yao wakiimba, na kwa kutumia kanuni hiyohiyo taasisi leo hutuma nyaraka zao.

Kwa mujibu wa MIME, barua hugawanywa katika sehemu zinazotenganishwa na mstari wa mpaka, yaani mfuatano wa herufi usiopatikana popote pengine katika barua hiyo, na kila sehemu hutanguliwa na maelezo mafupi yanayotaja aina ya maudhui yake. Barua ya udahili, kwa mfano, huhitaji tabaka mbili. Tabaka la nje ni la mchanganyiko, na hubeba ujumbe wenyewe pamoja na faili ya PDF. Tabaka la ndani, ambalo ndilo ujumbe wenyewe, ni la mbadala, na hubeba maneno yaleyale kwa namna mbili: kwanza maandishi matupu, kisha HTML, ambayo ni lugha ya kuandikia kurasa za mtandao. Mpangilio huo una maana, kwa kuwa programu ya mpokeaji huchukua namna ya mwisho kabisa inayoweza kuionyesha. Mtengenezaji anayeitia PDF katika tabaka la mbadala huwa ameiambia programu hiyo kwamba PDF na ujumbe ni kitu kimoja, na baadhi ya programu zitaonyesha kimoja na kukificha kingine.

Faili yenyewe hugeuzwa kuwa herufi kwa njia iitwayo Base64, ambayo huchukua baiti tatu na kuziandika kwa herufi nne zilizo salama kusafirishwa. Neno «Jua» likipitishwa humo hutoka likiwa «SnVh». Njia hiyo huongeza uzito wa faili kwa theluthi moja na zaidi kidogo, hivyo kiambatisho cha megabaiti 9 husafiri kikiwa na megabaiti zaidi ya 12, na seva yenye kikomo cha megabaiti 10 hukikataa, ingawa mtumaji anaamini kwamba hajavuka kikomo. Uzito huo pia humlia mpokeaji bando la simu yake. Kwa faili kubwa ni bora programu itume kiungo cha kupakulia kinachomtaka mhusika aingie kwanza katika akaunti yake.

Kuhusu sura ya barua, programu za kusomea barua pepe si vivinjari kamili. Haziendeshi JavaScript, nyingi huzuia picha zinazovutwa kutoka nje hadi msomaji aziruhusu, na Outlook ya Windows, tangu toleo la 2007, ilitumia mitambo ya Microsoft Word kuonyesha HTML. Ndiyo maana watengenezaji wa barua hizo wamezoea kupanga kurasa zao kwa majedwali na kuandika mtindo ndani ya kila kipengele, ingawa katika tovuti za kawaida njia hiyo imekwisha kuachwa.

Usalama nao hauna mjadala. Fomu ikipokea jina au anwani na kulitia moja kwa moja katika vichwa vya barua, yaani mistari ya mwanzo inayotaja mtumaji na wapokeaji, mhalifu anaweza kupenyeza alama ya mstari mpya, akaongeza wapokeaji wake na kuigeuza seva ya taasisi kuwa mtambo wa barua taka. Maktaba za msimbo zilizokomaa, kama PHPMailer kwa lugha ya PHP na Nodemailer kwa Node.js, hufanya ufungashaji huo na kuchuja alama kama hizo, lakini nazo huhitaji kusasishwa, kwani mnamo Desemba 2016 PHPMailer yenyewe iligunduliwa kuwa na dosari kubwa iliyolazimu irekebishwe kwa haraka.

Hatimaye mtumaji hutakiwa kuthibitisha kwamba ni yeye kweli. SPF hutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa fulani, DKIM huitia barua sahihi ya kidijitali, na DMARC hueleza barua isiyothibitika ifanyweje. Tangu Februari 2024 Google huwataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda anwani za Gmail wawe na zote tatu, na asiyetimiza sharti hilo hujikuta barua zake zikikataliwa au zikitupwa miongoni mwa barua taka.

Yote haya yana maana kwa sababu mwisho wa safari yuko mtu anayesubiri. Mwanafunzi aliyeko mahali penye mtandao hafifu huenda asiweze kuifungua PDF siku hiyo, kwa hiyo tarehe ya kuripoti, kiasi cha ada na namba ya simu ya ofisi ya udahili havipaswi kubaki ndani ya kiambatisho peke yake, bali viandikwe pia katika ujumbe wenyewe, kwa HTML na kwa maandishi matupu. Taasisi inayofanya hivyo huwa imetimiza wajibu wake hata pale ambapo nembo, rangi na kiambatisho vimeshindwa kufika.